Parachichi Zilipanda Ndege, Mume Wangu Akabaki

Nimewahi kumkalisha tajiri wa ndege kwenye mizani ya viazi, mbele ya kijiji kizima, kabaki na singlendi na suruali iliyochanwa goti.

Nikasoma mizani, nikamwambia, "Bado umezidi, mwanangu."

Kaa hapo mjukuu, nikusimulie vizuri.

Mimi ni Bibi Verediana. Kwetu ni milimani huko Kilolo, ukiiacha lami Ipogolo unapanda mpaka masikio yanaziba. Masika barabara inakatika. Mtu akizidiwa, tegemeo letu ni uwanja wa ndege.

Usifikirie uwanja wa mjini. Ni kipande cha nyasi mgongoni mwa mlima. Huku msitu, kule korongo.

Mume wangu Ambrosi ndiye alikuwa mtunzaji. Alifyeka nyasi, alifukuza ng'ombe, alipima kila kinachopanda: mtu, kuku, gunia. Pale hakuna kubembelezana. Mwenye mizani akisema umezidi, unashuka, hata uwe padri.

Masika moja ngiri ya Ambrosi ikajifunga. Tumbo gumu kama ubao. Ndege ikaja, na siku hiyo mwenye ndege alikuja nayo mwenyewe. Jina lake Liberatus, mtu wa Soweto kule Mbeya.

Akamtazama mzee wangu kwenye machela. Akasema, "Ndege imejaa, mama. Huyu atatuzidishia uzito. Mpitisheni njia ya chini."

"Imejaa nini, baba?"

Akanigeuzia mgongo. Lakini mlango ulikuwa wazi, na macho ninayo. Kreti za parachichi, zimepangwa mpaka dirishani, zimefungwa mikanda kama abiria.

Vijana walimbeba Ambrosi kwa miguu kwenye utelezi. Alikata roho hata hatujaiona Ipogolo.

Matanga yalipoisha nikaenda kuichukua ile mizani. Nikasema mtunzaji sasa ni mimi. Watu wakanionea huruma, wakasema mama wa watu anaomboleza.

Siombolezi mimi. Nilikuwa namsubiri mtu.

Mwaka juzi akaja.

Kumbe ile ndege yake aliiuza kama chuma chakavu. Aliyeinunua ni Aamir, rubani, mtoto wa Jaffer mwenye duka la vitambaa Iringa mjini. Kijana akaishona, akaipaka, ikaruka. Liberatus akanunua mpya. Sasa wote wawili wanataka kazi ya kijiji: wagonjwa, chanjo za zahanati, mazao. Uwanja ni wetu, kwa hiyo mkutano ndio uchague.

Liberatus alikuja na mbwembwe. Akatuonyesha picha. Ndege nyeupe pee, ndani ina vioo vinawaka kama simu, magurudumu madogo yamevishwa viatu vya plastiki.

Ya Aamir ni ya njano iliyopauka. Imekaa pua juu, mkia chini, kama ng'ombe anayenusa mvua. Magurudumu ya mbele manene kama mitungi ya pombe.

"Ndugu zangu," Liberatus akasema, "mnataka kupanda ndege au mkweche?"

Watu wakacheka. Nusu ya mkutano ilishaondoka naye.

Mwenyekiti wetu, Eliezeri, akanigeukia. "Mtunzaji unasemaje?"

Wote walijua alichonifanyia.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega," wakaitika.

"Halina homa wala kikohozi, likapandishwa ndege. Mgonjwa akaachwa."

Wenzangu wakainamisha vichwa. Liberatus akacheka. "Kimenishinda, Bibi."

"Basi nipe mji."

"Chukua Mbeya yote."

"Naichukua. Jibu utanipa mwenyewe siku nyingine."

Hakunikumbuka, mjukuu. Aliniulia mume, sura yangu hakuibeba. Hilo liliniuma kuliko parachichi.

Nikaendelea, "Mimi ndege mpya sina ugomvi nayo. Ila mama mkwe wangu alinifundisha, mchumba hapimwi siku ya sherehe, anapimwa siku ya palizi. Zije zote mbili, katikati ya masika. Itakayotupendeza, tuoe."

Aamir akakuna kichwa. "Sawa, Bibi."

"Hata kesho," akasema Liberatus. "Ila mwambieni huyu aje na mwavuli, mkweche unavuja."

Siku ikafika. Mvua ilinyesha usiku kucha, asubuhi ikatulia.

Ya Aamir ikatangulia. Ikaja polepole kama bibi kizee anayekwenda kanisani. Ikagusa, ikaruka kidogo, ikagusa tena, tope likatapakaa mpaka mabawani. Ikasimama mbele ya kibanda changu. Aamir akashuka anajifuta uso, akanisalimia kwa Kihehe. "Kamwene, Bibi."

Halafu ikaja nyeupe. Ikazunguka juu yetu, ijionyeshe. Liberatus dirishani anapunga mkono.

Ilitua vizuri, sitasema uongo. Ila vile viatu vikajaa tope. Gurudumu la mbele likazama, pua ikabusu ardhi, panga la puani likajikunja kama jani kavu la mgomba.

Rubani wake akatoka mzima. Liberatus alikuwa amefungua mkanda ili apunge vizuri. Mguu ulivunjika chini ya goti. Tukachana suruali, tukaufunga vijiti.

"Gari," akasema.

"Barabara imekatika," Eliezeri akamjibu.

Akaitazama ile ya njano. "Nipandisheni basi."

"Kwanza mizani," nikasema.

Vijana wakamkalisha. Nikasoma. "Umezidi. Vua koti."

Akavua.

"Umezidi. Kiatu. Saa. Huo mkufu. Shati."

"Bibi, nakufa."

"Hata Ambrosi alisema hivyo. Bado umezidi, mwanangu."

Ndipo akanitazama usoni, mara ya kwanza. Nikaona limemwingia.

"Ni parachichi," akasema.

"Sema kwa sauti, wa nyuma hawajasikia."

"Ni parachichi. Nilipakia parachichi, nikamwacha mzee wako."

"Mbeya yako hiyo, chukua. Mpandisheni."

Wakamlaza sakafuni, palepale zilipokaa kreti. Nikamfunika blanketi la Ambrosi. Nilitaka ausikie uzito wake njia nzima.

Aamir akaniinamia. "Bibi, mimi naijua hii ndege. Huyu hajazidi."

"Najua, mjukuu."

Akasita. "Na siku ile... hata na parachichi zake zote, mzee angeenea. Ndege hii hailemewi na kreti. Labda aliogopa zisipondwe."

Nilishika mlango. Mkono ulitaka kumshusha yule mtu atambae mwenyewe mpaka Ipogolo.

Halafu nikaufunga mlango. Maiti haina aibu. Nilimtaka hai.

Akapona. Anachechemea, wanasema parachichi hagusi.

Kijiji kilichagua ya njano, hata kura haikupigwa. Ile nyeupe bado iko pembeni ya uwanja, mbuzi wangu wanajikinga mvua chini ya bawa, na kuku mmoja ametaga kwenye kiti cha bosi. Liberatus hutuma watu waje kuifungua waibebe vipande vipande.

Nawakaribisha chai. Nawaambia hakuna shida, ila kila kipande kitapita kwenye mizani yangu kwanza.

Na mizani yangu siku hizi inasoma polepole sana.

Mjukuu, ukichagua ndege au mchumba, mtazame siku ya tope. Na siku ukishika mizani ya kumpima mwenzako, kumbuka sura yake. Yeye ya kwako hataisahau.