Mwalimu Breki na Tone la Lavenda

Gari la kufundishia udereva lina breki mbili. Moja ni ya mwanafunzi, ya pili imefungwa miguuni pa mwalimu, na hiyo ya pili ni ya dharura tu. Sasa huyu mwalimu wetu aliikanyaga hata kuku akitikisa shingo tu kando ya barabara. Aliikanyaga taa ikiwa ya kijani. Siku moja aliikanyaga gari likiwa limeegeshwa, limezimwa, na mwanafunzi keshashuka zamani. Wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Breki, likamganda, mpaka mke wake naye akawa analitumia akikasirika.

Hakuwa hivyo zamani. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye kiti kile kama mtu aliyekaa barazani kwake, kiwiko dirishani, akiwaelekeza watu gia na vioo kwa sauti ya chini. Halafu asubuhi moja, kwenye mzunguko mkubwa wa barabara, aliinamisha macho ajaze fomu. Sekunde moja, labda mbili. Kijana aliyeshika usukani akajiingiza mbele ya lori. Alipona, lakini nyonga ilivunjika na mpaka leo anachechemea. Hakuna aliyemlaumu mwalimu. Kijana mwenyewe alimtumia salamu za kumpa pole, na salamu hizo zilimuuma kuliko matusi.

Tangu hapo akawa anafundisha roho mkononi. Jamani, mtu anayefungiwa breki kila hatua kumi atajifunza nini zaidi ya uoga? Wanafunzi wakaanza kuhama, leo huyu, kesho yule. Mwishowe mkuu wa chuo, mtu mpole asiyejua kufoka, alimwita ofisini akamweleza kwamba amebakiwa na mwanafunzi mmoja tu, mkunga mstaafu, na mtihani wa mama huyo uko mwisho wa mwezi. Naye akihama, au akifeli kwa kuogopeshwa, basi mwalimu atoke garini akakae dirishani kuandikisha watu. Mwalimu akaitikia vizuri tu. Lakini kazi nyingine hakuijua, wala hakuitaka. Alipenda ile dakika ambapo mtu mzima aliyekuwa anatetemeka anagundua kwamba gari linamtii, na hakutaka kufa akiwa nyuma ya dirisha la kuandikishia.

Aliyemletea kichupa ni shemeji yake, mdogo wa mke wake, ambaye hospitalini kazi yake ni kuwanyoosha viungo watu waliopooza na waliovunjika. Kichupa kilikuwa kidogo kama kidole gumba, cha kioo cha kahawia, kimejaa mafuta ya lavenda. Alimfundisha kutumia. Akae mahali pamoja, saa ileile, kila siku. Adondoshe tone kwenye bakuli la maji ya moto, afumbe macho, afuate pumzi ikiingia na ikitoka, akili ikitoroka airudishe bila kuipiga. Mafuta si dawa ya usingizi wala si uganga, alisema. Kazi yake ni kama ya kengele ya shule: baada ya siku nyingi, mwili ukiinusa tu harufu ile unajua kipindi cha kutulia kimefika.

"Tone moja, shemeji. Si kijiko," alimsisitizia, maana alimjua.

Akachagua stoo, kati ya madebe ya rangi na baiskeli isiyo na mnyororo. Siku za kwanza zilikuwa kichekesho. Alifumba macho, na nyuma ya kope magari yakaanza kupita, malori kwa malori, na mguu wa kulia ukawa unapiga sakafu. Mke wake alipita na ndoo akamkuta hivyo, jasho linamtoka, anafunga breki ndani ya stoo. Alicheka mpaka akaitua ndoo. Baadaye akamwonea huruma, akamwekea mkeka chini ya miguu, akawakataza watoto wasipige kelele alfajiri.

Siku ya tisa, au ya kumi, kitu kikalegea. Mwanga ulikuwa unaingia kwa tundu la juu, mwembamba, na mvuke wa bakuli ulikuwa unapanda ndani yake taratibu. Harufu ikamfikia. Ilikuwa na utamu wa maua na ukavu kidogo, kama shuka iliyoanikwa juani. Akavuta. Kuta za stoo zikasogea mbali, bila sauti, na madebe yakasogea nazo. Pumzi ilitoka ikaenda zake, haikuharakisha kurudi, na yeye hakuifuata. Mbele yake kulikuwa na barabara isiyo na gari hata moja, pana, laini, rangi ya anga kabla jua halijachomoza, nayo ilikuwa inapita chini yake yenyewe bila mtu kuiendesha. Mguu wa kulia ulilala mkekani kama si wake. Alipofumbua macho maji ya bakuli yalikuwa yamepoa. Alinywa chai iliyopoa vilevile bila kulalamika, na mke wake akamtazama mara mbili.

Basi kila alfajiri akawa anakwenda kwenye barabara ile. Tatizo ni kwamba utulivu ulibaki stoo. Akiingia garini, akisikia injini, moyo unapanda juu na mguu unarudia kazi yake. Mkunga alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, miwani yake ina kamba, anakaa karibu na usukani mpaka pua iguse. Alitaka leseni kwa sababu zahanati moja ya mbali, ambako wajawazito hutembea nusu siku, ilikuwa tayari kumrudisha kazini na kumpa gari. Hakuwahi kulalamika. Ila siku aliyofungiwa breki mara kumi na moja aliuliza, kwa adabu zote, kama mguu wa mwalimu hauumwi.

Sasa hapa ndipo mwalimu alipofanya akili zake. Alijiuliza, kama harufu ndiyo inayonituliza, si niipakie garini tu? Hakumwuliza shemeji. Alichukua pamba, akaimiminia theluthi nzima ya kichupa, akaisokomeza kwenye tundu la kiyoyozi mbele ya kiti chake, akapandisha vioo vyote. Tone moja aliambiwa! Mkunga alipoingia alipiga chafya tatu, akafuta miwani, akawasha gari.

Ilikuwa alasiri, jua limelainika, na mtaa mzima ulikuwa kama umefunikwa na kitambaa chepesi. Walipita duka la magodoro, wakapita mafundi viatu. Mbele kulikuwa na mkokoteni, na mguu wa mwalimu ukainuka. Lakini harufu ilikuwa imeshamjaa. Iliingia naye ndani, ikamshika mkono, ikampeleka pale ilipozoea kumpeleka. Mguu ukashuka. Mkokoteni ukapita kando, taratibu, kama jani juu ya maji. Kuta zikasogea. Alisikia gia ikibadilishwa mahali fulani, mbali, na akafikiri, vizuri, mama, hivyohivyo. Honi moja ililia, nayo ikawa laini. Barabara pana ikafunguka, rangi ya alfajiri, haina mtu, na alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu ajali. Alijiambia kwamba amepona.

Alipofumbua macho injini ilikuwa imezimwa. Gari lilikuwa katikati ya magari mawili, limenyooka, mbele ya ukumbi wa maktaba. Mkunga alikuwa anafuta miwani kwa upindo wa gauni. Mwalimu alitazama nje, akatazama tena. Kutoka mafundi viatu mpaka maktaba njia ni moja tu, nayo inapita kwenye ule mzunguko mkubwa.

"Leo hukukanyaga hata mara moja," mkunga alisema.

Alisema kwa furaha, na furaha ile ilikuwa mlango ulioachwa wazi. Angeweza kupita. Angeitikia tu, ndiyo mama, leo nimekuamini, na mama angekwenda mtihanini kifua mbele, na yeye angebaki na kiti chake. Ulimi wake ulikuwa umeshaanza. Lakini alimkumbuka kijana, na zile sekunde mbili, na akaona kwamba hizi za leo zilikuwa dakika nzima na zaidi. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Mama, sikukuamini," alisema. "Nilisinzia."

"Najua. Umekoroma tangu pale penye mkokoteni."

Mwalimu akamtolea macho. Kwa nini basi hakumwamsha, aliuliza.

"Ningekuamsha ungekanyaga," mkunga akajibu, "na nyuma yetu kulikuwa na lori."

Mwalimu alifunika uso. Akamweleza yote pale pale, fomu, kijana, nyonga, salamu za pole, stoo na mkeka, mpaka pamba. Mkunga hakumkatiza wala hakumwambia anyamaze. Alikuwa mtu aliyezoea kukaa kando ya watu wanaopiga kelele. Mwalimu alipomaliza aliteremsha vioo vyote, akaichomoa pamba, akaenda kuitupa kwenye pipa la maktaba, kisha akasimama palepale kando ya pipa akampigia simu mkuu wa chuo. Hakuficha neno. Halafu mkuu, kwa upole wake uleule, alimwambia walirudishe gari salama kwanza, kisha aje ofisini na funguo.

Alirudi kwenye kiti chake akafunga mkanda. Mkunga hakuuliza mkuu kasema nini, alimwona usoni. Akawasha, akatazama kioo cha juu, akatazama vya pembeni, akatoka.

Harufu ilikuwa imebaki kidogo kwenye shati tu, upepo unaichukua. Macho ya mwalimu yalikuwa wazi kabisa. Aliifuata pumzi yake kama alivyofundishwa, ikiingia, ikitoka, bila bakuli, bila giza la kope, jiji zima likimjia usoni na makelele yake. Mzunguko ukaonekana. Moyo ukaanza kupiga. Mkunga aliingia, akashika mstari wake, na hapo mtu wa baiskeli mwenye kreti za mikate nyuma akakatiza mbele yao. Mguu wa mwalimu ukaruka, ukafika juu ya breki, ukasimama hewani. Pumzi ikatoka. Hakuushusha. Gari likapungua mwendo, laini, kwa mguu wa mkunga, na mikate ikapita, na mwenye baiskeli akainua mkono kushukuru, na gari likaendelea kuzunguka na jua likizunguka nalo juu ya dashibodi.

Walikuwa wameshatoka upande wa pili kabla hajaweza kuuweka mguu chini. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuona sababu ya kuyazuia. Mkunga hakugeuza kichwa, alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili.

"Ukitaka fumba macho, mwalimu," alisema. "Barabara ninaiona."

Hakuyafumba. Huenda ilikuwa mara yake ya mwisho kukaa kwenye kiti kile, na alitaka kuitazama njia yote mpaka kwenye geti la chuo.