Chai ya Baba Inayopoa

Mwaka ule wa vikwazo, nchi jirani zilipotufungia mipaka, kunywa chai ya maana mtaani kwetu Buyenzi kulitaka ukaidi. Sukari ilikuwa haionekani, maziwa ya unga yalikuwa ya kubahatisha, na mimi nilikuwa nimeapa kwamba baba yangu atakunywa kitu kizuri kila asubuhi, atake asitake. Daktari wa zahanati alikuwa amemwonya: vidonda vya tumbo havitaki njaa. Hata Ramadhani alimkataza kufunga, tukamlipia fidia. Ale kidogo kidogo, vitu laini, mchana kutwa.

Lakini baba akawa hali kitu. Tangu kaka yangu avuke mpaka kwenda Uvira kutafuta vipuri vya gereji na njia ikafungwa nyuma yake, mzee alikuwa akikonda mbele ya macho yangu. Kila nilichompelekea kitandani alikipokea kwa adabu, akakinusa, akasema nzuri, weka hapo ipoe. Mchana nakikuta kikombe kimejaa vilevile, chai imeshika utando.

Nikafikiri kosa ni la mapishi. Nikaanza kutwanga tangawizi na iliki badala ya kutupia majani matupu. Uji wa ulezi nikauacha, nikamsagia mchele na karanga, nikauchuja kwa kitambaa. Maharage niliyaponda baada ya kuyamenya maganda moja moja, kazi ya mtu asiye na akili. Majirani walikuwa wanahangaikia unga, mimi nahangaikia maganda. Nzuri, weka hapo ipoe. Wallahi kuna siku nilitamani kummiminia mdomoni.

Kilichonichosha zaidi ni kwamba kesho yake asubuhi vyombo vilikuwa vitupu. Niliamini anamwaga dirishani, kwenye mpapai, ili asiniudhi. Sukari yangu ile, niliyoipigia foleni juani, inalishwa mpapai.

Jioni moja umeme ulikatika, nikaingia na taa wakati adhana ya magharibi inamalizika. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, tende mkononi, kikombe cha asubuhi mdomoni. Chai ya baridi, na utando wake. Nikaelewa papo hapo, na hasira zikanipanda.

"Baba, dokta alikukataza kufunga," nikamwambia.

"Alinikataza ya Ramadhani. Hii mi sikumuulizaka."

Nikamuuliza ni saumu ya nini. Akameza kwanza.

"Ni ya ule mutoto. Nilimwambia Mungu, siku atarudi, ndo ntakunywa tena chai ya asubui."

Nikamweleza kwamba atajiua, kwamba mtoto akirudi atakuta kaburi, kwamba angesema tu ningempikia kwa saa yake, anywe ya moto. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanishukuru kwa tangawizi.

Mzee wa namna hiyo hagombezeki. Nikatoka uani, nikaanza kuosha masufuria na kumgombeza kaka yangu kwa sauti, majirani wasikie: mtu mzima gani huyu, hata salamu hatumi, anamwachia baba yake chai za baridi, anadhani sisi hatuna kazi nyingine. Niliendelea mpaka sufuria la mwisho. Tangu aondoke nilikuwa nikimtaja kwa kunong'ona, na "Mungu amrehemu" ikiwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Jioni ile nilimfokea kama mtu aliyechelewa chakula.