Sketi Niliyoivaa Songo Mnara

Mimi ni mtoto wa kijiji cha Rutamba niliyejisomesha mwenyewe. Nilikaanga mihogo Dar es Salaam miaka sita, mchana kwenye karai, jioni darasani, mpaka nikapata stashahada ya usimamizi wa biashara. Niliporudi nilifungua karakana ya sabuni za mwani pale Mtanda, Lindi mjini, na hakuna mwanamke wa mtaa ule aliyewahi kufanya hivyo kabla yangu. Stashahada nimeitundika ukutani, mteja akiingia aanze nayo.

Sketi nilishonesha Dar. Nyeusi, ya kubana, iliishia juu ya magoti, na nyuma ilikuwa na mpasuo. Niliivaa na blauzi isiyo na mikono kila nilipokwenda kuonana na watu wakubwa, nikiamini kwamba inanitangulia kusema huyu amefika. Kuna jambo nililisahau kwa makusudi. Mteja mmoja aliyatazama mapaja yangu kwanza, karatasi zangu baadaye, kisha akaniuliza, "Bosi wako yuko wapi?" Nilimwambia bosi ni mimi. Akacheka, akasema nimwambie bosi aje mwenyewe.

Mwaka ule nilipata oda kubwa kuliko zote. Sikuwa na mwani wa kutosha, nami nilikuwa nimekwisha kuahidi. Waliokuwa nao ni akina mama wa Songo Mnara, wanaoulima baharini na kuuanika kijijini kwao. Wakikataa kuniuzia, oda imekufa na jina langu limekufa nayo. Nikavaa sketi yangu, nikapanda boti Kilwa Masoko.

Kisiwani Songo Mnara hakuna gati, abiria anashukia majini. Sketi haikuniruhusu kuvuka ubavu wa boti.

"Dada, tanua mguu," nahodha alisema.

"Hautanuki."

Alinibeba kama kiroba cha unga hadi mchangani, akina mama wakitazama.

Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima aliyejitanda kanga, alinitandikia jamvi kivulini. Niliangalia jamvi, nikaangalia sketi, nikaomba kiti. Wakaniletea cha plastiki. Nikawa nimekaa juu, wao wote chini, wakiwemo waliomzidi mama yangu umri. Upepo ulikuwa mwingi. Nililaza faili juu ya mapaja nikalishika kwa mikono miwili, nikaeleza mpango wangu wa biashara vizuri sana. Hilo sitalikana, nilieleza vizuri.

Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwaga fungu la mwani mkavu kwenye jamvi, mbele ya miguu yangu.

"Tazama mali, mwanangu."

Mwani haukaguliwi kwa macho. Unachutama, unaufikicha, unausikiliza ukivunjika, unapitisha kiganja chini ya fungu. Ule weupe juu yake unaweza kuwa chumvi, na unaweza kuwa mchanga. Nilijua hayo yote. Nilishuku ni mchanga. Lakini kuchutama mbele yao na sketi ile nisingeweza, na mikono ilikuwa na kazi yake.

"Mzuri sana," nikasema.

Kijana mmoja wa kike akapaza sauti. "Mnunuzi gani huyu, mikono inalinda mapaja!"

"Shoga, mwache," mwenzake akadakia, "labda anakagua kwa magoti."

Walicheka hadi wakashikana mabega. Mwenyekiti hakucheka. Alisema mali yao haiko tayari kwa sasa, akanisindikiza hadi kwenye maji. Hapo uchungu ulinishinda.

"Mama, mmenikataa kwa sababu ya miguu yangu? Nina stashahada mimi!"

"Miguu?" Alishangaa kweli. "Njoo bamvua, maji yakitoka mpaka mbali. Utatuona wote tumepandisha nguo mpaka mapajani, na baba zenu wakipita. Nani ana habari na miguu?" Akavua kanga moja, akanifunga kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, kama anavyofungwa mtoto. "Nenda kwa heri."

Nilirudi Lindi nikiwa na hasira, na hasira ilipopoa nikabaki na aibu.

Bamvua iliyofuata nilikwenda na dera pana, na kanga yake nimeikunja kwenye mfuko. Nilishuka kwenye boti mwenyewe. Nikapandisha dera hadi mapajani, nikaenda nao majini, nikafunga kamba za mwani hadi vidole vikachubuka. Tuliporudi, mwenyekiti akamwaga fungu tena. Nilichutama. Nikafikicha, nikapitisha kiganja.

"Huu una mchanga, mama. Uchekechwe, uanikwe tena."

"Ni lile lile fungu la siku ile," alisema. Akanitazama. "Siku ile ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Ningeonekana mjinga tu, na ujinga husameheka upesi.

"Nilishuku."

"Ukasema mzuri."

"Nilisema."

Aliufuta mchanga viganjani, taratibu. "Mjinga tungemfundisha. Anayejua akanyamaza, tukishampa mali na ikaharibika njiani, atasema nini juu yetu?"

Nililikusanya lile fungu kwa mikono yangu.

Walizungumza wenyewe kwa wenyewe pembeni. Waliporudi, waliniuzia nusu ya mwani wao. Nusu nyingine, alisema mwenyekiti, watamngoja mnunuzi mwingine, na mwakani tutaonana. Nilitaka kurudisha kanga. Akaniambia nikae nayo mpaka hapo.

Nilimwandikia mteja wa ile oda kwamba atapata nusu ya nilichoahidi. Ilikuwa barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika, na sikutaja stashahada.

Sketi ninayo bado. Kanga pia ninayo, imefuliwa, imepigwa pasi, inangoja mwakani.