Mama Yangu na Nyasi za Mwenye Nyumba

Mwalimu wa binti yangu ndiye aliyetuletea balaa. Mwezi wa nne alituma karatasi nyumbani: wazazi, majira ya majani kuanguka yamefika, furahieni hewa ya nje pamoja na familia, mkatembee msituni, mkafanye kazi za uani, mpige picha, picha zibandikwe kwenye daftari. Nilisoma mara mbili. Majani yapi? Miti ya Durban haiangushi kitu. Mwezi wa nne joto linapungua kidogo, unaacha kujipepea kanisani, basi, ndiyo majira yenyewe. Lakini binti yangu ana miaka minane na anamwamini mwalimu wake kuliko mimi niliyemzaa. Tukapanga: Jumamosi ya kwanza msituni, Jumamosi ya pili kazi za uani. Mimi nasuka nywele, na Jumamosi ndiyo siku saluni inapojaa, kwa hiyo niliomba ruhusa kwa sauti ya mtu anayekwenda kuzika.

Ila nilikuwa na sababu yangu ya kukubali, na sababu hiyo ilikuwa imekaa jikoni kwenye kiti cha plastiki. Mama yangu alitufikia kutoka Uvira mwezi wa kumi, baada ya miaka mitatu ya kumbembeleza kwa simu. Tangu afike alikuwa hatoki. Jumapili kanisani, kisha kitini. Kiingereza hajui, Kizulu hajui, na kila asubuhi, kabla hata ya kuitikia salamu yangu, aliniambia, "Mimi narudi kwetu." Nilidhani ni maneno tu. Kumbe alikuwa amekutana kanisani na mwanaume mmoja wa Uvira, mfanyabiashara wa Isipingo, aliyekuwa anarudi mwishoni mwa mwezi wa sita, na wakakubaliana aende naye. Wao wawili! Mimi bintiye nikaja kuambiwa na watu. Nilikasirika mpaka nikamuunguza mteja sikio.

Kule kwetu hakujatulia. Baba alishakufa, ndugu zangu wametawanyika, nyumba imefungwa kwa kufuli. Anarudi kwa nani? Nilitaka abaki, nilitaka kwa moyo wangu wote, na nilishalisema hilo kwa makelele, kwa machozi na kwa kununa, bila faida. Labda akitoka nje, nilijiambia, akiona miti, atalegea.

"Munanipeleka wapi?" aliuliza Jumamosi ile.

"Msituni, Mama. Kutembea."

"Kule iko nani?"

"Hakuna mtu."

"Tunaleta kuni?"

"Hapana, wanakataza kuokota kuni. Tunatembea tu mpaka mtoni, halafu tunarudi."

Alinitazama kwa huruma, akidhani nimerukwa na akili. "Mwanangu, mimi nimekimbia vita kwa miguu mpaka kucha zikatoka. Leo unanitembeza bure?"

Aliyemtoa ni binti yangu, aliyemshika mkono akamwambia, "Koko, twende, mwalimu anataka picha yako." Koko, yaani bibi, hawezi kumnyima mjukuu wake kitu. Akaingia chumbani, akatoka amevaa vitenge viwili, kilemba, viatu vya kanisani, na sufuria ya wali na maharage kichwani, imefungwa kwa kitambaa. Nikamwambia chakula tunaweza kukibeba kwenye begi. Akaniuliza begi lina shingo?

Msitu wenyewe ni wa hifadhi, si mbali na kwetu Overport. Njia ni nyembamba, ina vibao. Tulipishana na wazungu wazima wa afya, kila mmoja na fimbo mbili, wakitusalimia kwa furaha. Mama akawaitikia kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya kupoza. "Maskini," akaniambia walipopita, "wote wagonjwa wa miguu." Mume wangu akakohoa ili asicheke. Yeye hutembea mbele ya Mama kwa umbali wa kutosha, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na neno likiwa la lazima linapitia kwangu. Nyumba ina vyumba viwili na mimi ndiye posta.

Basi tukafika mahali njia inaposhuka kwenda mtoni, mteremko wa udongo unaoteleza. Mume wangu akashuka, binti akashuka, mimi nikashuka nimeshika mizizi. Mama akabaki juu na sufuria yake. Mume wangu, kwa kujisahau, akanyoosha mkono amsaidie.

Yesu wangu! Mama aliutazama mkono ule mpaka mtu angedhani ni nyoka. "Ambia bwana yako ageuke," akasema.

Mume wangu akageuka, akautazama mti. Mama akakaa chini, akakusanya vitenge vyake, akateremka mteremko mzima kwa makalio, mgongo wima, mkono mmoja kwenye sufuria, bila kumwaga hata punje. Watu wawili wenye fimbo walisimama wakapiga makofi. Mume wangu akaendelea kuutazama mti kwa heshima mpaka nilipomwambia kwamba Mama amefika.

Mtoni ndipo tumbili walipotujia. Mmoja, dume, alikaa hatua tatu kutoka kwa Mama, akaikodolea macho sufuria. Mama akavua kiatu cha kanisani. Tumbili akasogea, Mama akarusha, kiatu kikampata mgongoni, akapiga kelele akakimbilia juu ya mti na wenzake wote wakamfuata. Na Mama akacheka. Sijui nilieleze vipi hilo. Alicheka mpaka kilemba kikalegea, akajifuta macho kwa pembe ya kitenge, na mimi nikasikia ile sauti niliyokulia nayo utotoni na ambayo sikuwa nimeisikia tangu afike. Binti yangu alipiga picha, imetoka na ukungu, lakini meno yanaonekana.

Jumapili asubuhi aliitikia salamu kwanza, akanywa chai, ndipo akasema anarudi kwao. Nikaona tunaendelea vizuri.

Sasa kazi za uani. Mume wangu, anayepakia mizigo kwenye ghala la Mobeni, alipita Isipingo siku moja akanunua jembe na reki, akavisimamisha nyuma ya mlango. Uani kwetu kulikuwa na nyasi. Nyasi zenyewe zilikuwa za mwenye nyumba, mjane wa Kihindi tunayemwita Anti, na alizipenda kuliko wapangaji. Siku tulipohamia hakutuuliza kama tunalewa au tunapigana. Alituuliza kama tunajua kukata nyasi. Zilikuwa fupi, laini, za kijani, kutoka geti mpaka mlangoni, na kwa sisi tuliokaa miaka sita katika chumba kimoja mjini, choo cha kushiriki na ghorofa nzima, ua ule ulikuwa utajiri. Anti alikuwa amesema atakuja Jumapili, siku moja baada ya kazi zetu, aangalie hali, kisha aamue kama atatuongezea mwaka mwingine.

Nilimweleza Mama hayo yote, ole wangu. Nilimwambia mwenye nyumba anakuja kuangalia uani. Hayo tu ndiyo aliyoyahitaji.

Ijumaa nilirudi kazini saa kumi na moja. Nilifungua geti, nikalifunga tena, nikatazama namba ya nyumba. Ilikuwa yetu. Nikafungua tena. Nyasi hazikuwepo. Haikubaki hata moja. Kutoka geti mpaka mlangoni palikuwa udongo mtupu, mwekundu, umelimwa, umesawazishwa, umenyunyizwa maji na kufagiwa, michirizi ya fagio imejipanga kama nywele nilizosuka mwenyewe. Pembeni, kwenye ukuta, nyasi za Anti zilikuwa lundo refu kunipita kiuno, mizizi juu.

Na Mama amesimama katikati na jembe, jasho linamtoka, uso unang'aa. "Nimewaondolea aibu," akasema.

Ewe msomaji wa kwetu, wewe unaelewa. Kwetu ua wa mtu anayejiheshimu ni udongo uliofagiwa. Nyasi mlangoni ni nyoka, ni uvivu, ni watu waliolala mpaka jua likatoka. Mama alikuwa ameishi miezi sita kwenye nyumba ya bintiye iliyozungukwa na nyasi, akinyamaza kwa ajili yangu, na sasa mgeni anakuja. Angefanya nini? Nilielewa yote hayo, na bado nilipiga kelele mpaka jirani akazima redio. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilisema, "Umetufukuzisha!" Uso wake ukazimika. Akaweka jembe chini taratibu.

Mume wangu akaingia wakati huo. Akatazama ardhi, akatazama lundo, akatazama miguu yake. Mkwe hamgombezi mama mkwe, hata kama amebomoa nyumba. "Mwambie Mama ahsante kwa kazi," akasema, kisha akaingia bafuni akafunga mlango, na maji hatukuyasikia.

Jumapili Anti alikuja saa tisa. Alifungua geti, hatua moja, akasimama. Nilikuwa nimekariri maneno ya kuomba radhi tangu Ijumaa, yote yakaniruka. Mama, ambaye siku mbili hakuniongelesha, alitoka na kitenge chake kizuri kuliko vyote, amebeba kiti kwa mikono miwili. Akakiweka katikati ya ule udongo, akakifuta, akamwonyesha mgeni akae. Na Anti, kwa mshangao nadhani, akakaa.

"Nyasi zangu ziko wapi?" akaniuliza kwa Kiingereza, polepole.

"Anasemaje?" Mama akauliza. "Amefurahi?"

"Ameshangaa, Mama." Huo haukuwa uongo.

"Muulize kwa nini," akasema Anti, akimtazama Mama moja kwa moja.

Nikamuuliza. Mama akaeleza habari za nyoka na uvivu, nikatafsiri. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Nyasi mlangoni ni kusema hapa watu wamehama ao wamekufa. Jirani alinitumia picha. Kwangu sasa ziko mpaka dirishani."

Hilo sikulijua. Miezi yote ile ya "narudi kwetu", nami nikidhani hanipendi, hapendi nyumba yangu, hapendi chakula changu, kumbe alikuwa anaona nyasi. Nilitafsiri kwa shida. Anti aliinuka, akaenda kwenye lundo, akavuta kipande cha nyasi, akachuna mzizi kwa kucha.

"Hii bado hai," akasema. "Mwambie hivi. Azirudishe. Yeye, si ninyi, ninyi hamko nyumbani mchana. Kesho aanze. Sasa zinakwenda kulala, baridi inakuja, hazitaota leo wala kesho. Mwezi wa tisa nitakuja. Nikikuta kijani, mtakaa. Nikikuta hivi, mtahama."

Nikatafsiri. Mama alinitolea macho.

"Mimi? Nipande nyasi?"

"Ndiyo, Mama."

"Kwa mikono hii? Nyasi?" Akamgeukia Anti, akamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza bila haya ya ugeni. "Uyu mama ana kichwa kigumu," akasema, na niliisikia heshima humo ndani. Anti akauliza amesema nini. Nikasema amekubali.

Jumatatu alianza. Alizipanda kama karanga, kwa mistari, kamba imevutwa kutoka ukuta mpaka ukuta, shimo na shimo shubiri moja. Alitukana kwa Kivira mchana kutwa. Alizimwagilia asubuhi na jioni. Binti yangu alipeleka picha ya mistari ile shuleni na mwalimu akaandika kwamba bustani yetu ya mboga inapendeza sana. Anti, aliyesema atakuja mwezi wa tisa, alianza kupita kila Alhamisi, ana hili la kuangalia, ana lile. Hawana lugha hata moja ya pamoja. Walikuwa wakichuchumaa wote wawili, mmoja anaonyesha kidole huku, mwingine anakataa kwa kichwa, wanagombana saa nzima, kisha wanakunywa chai.

Nyasi zikageuka kahawia. Mama akaacha kulala vizuri. Mimi sikusema neno juu ya safari, nilijizuia kwa nguvu zote, hata saluni waliniuliza kama naumwa.

Mwishoni mwa mwezi wa sita yule mwanaume wa Isipingo akapiga simu yangu, akamtaka Mama. Nilikuwa nakaanga vitunguu. Nikampa simu, nikageukia jiko, masikio yangu yote nyuma.

"Eh, nasikia," Mama akasema. "Kesho kutwa? Hapana. Wee nenda tu, baba. Mimi nimepanda kitu hapa, hakijaota bado." Akasikiliza. "Nyumba? Mwambie jirani yangu alime kiwanja chote, mpaka mlangoni. Apande mahindi, apande muhogo, anachotaka."

Akanirudishia simu, akaniuliza nalia nini wakati vitunguu vinaungua.