Maji ya Ziwa kwa Samaki wa Shangazi

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku ile nilipotoka Makobola na madumu mawili ya maji ya ziwa na gunia la mawe, nikielekea Kalundu kumjengea samaki wa shangazi yangu nyumba. Nilikuwa kijana, na sidhani Uvira nzima ilikuwa na mtu mwenye majivuno kama mimi. Kazi yangu ilikuwa kuzamia penye miamba na kukamata samaki wadogo wa rangi, wale wanaopelekwa Bujumbura kisha Ulaya kwa ndege. Hata leo naionea fahari kazi ile, sitakudanganya.

Shangazi alikuwa na samaki mmoja tu wa mapambo, aina iitwayo beta, mwekundu, mapezi marefu kama kitenge kinachosuuzwa. Binti yake Furaha alimnunua Bujumbura, akamwachia mama yake alipokwenda kusoma Kisangani. Shangazi alikuwa mjane, hana mtu mwingine nyumbani, na kila asubuhi alimsalimia yule samaki kabla ya kuwasha makaa. Alimweka kwenye chupa yenye mdomo mpana. Nilicheka, nikamwambia aniachie mimi. Chupa kweli ilikuwa ndogo mno, hapo sikukosea. Ila kwa kuwa nilijua hilo moja, nikajiona najua yote.

Nilikata vioo mwenyewe, nikaviunganisha kwa gundi ya silikoni, tangi refu kwenda juu, mtu akifika mlangoni alione. Nikalijaza maji ya ziwa mpaka ukingoni. Nikapanga mawe ya Makobola, nikawasha pampu, mapovu yakapanda kwa nguvu, nikaongeza samaki watatu wa ziwa ili mwekundu asikae mpweke. Nikafunika juu kwa kioo, nikaita majirani. Walisifu, nami nikazipokea sifa zote.

Kesho yake nilipita kutafuta sifa nyingine, nikamkuta Shangazi anaondoa kifuniko. Beta alikuwa amelala pembeni ya jiwe, mapezi yamechanwa na wale watatu. Beta huvuta hewa juu ya maji, mwanangu, na mimi sikumwachia nafasi hata ya kidole. Kando kulikuwa na beseni pana la maji ya robine, yaani ya bomba, limewekwa jani kavu la mgomba, kama Furaha alivyomfundisha. Aliliandaa jana yake, wakati naita majirani. Hakuwa ameniamini. Alimhamisha samaki kwa kikombe, polepole, kisha akaniangalia.

"Weye ulitaka batu baone ziwa yako," alisema. "Samaki yangu haukumuangalia. Haukuniuliza hata anakulaka nini."

"Minye nilifikiri maji ya ziwa iko mazuri kwa samaki yote."

"Kwa samaki ya ziwa, ndiyo. Huyu alitokaka fasi ingine."

Masikio yaliwaka moto kwa aibu. Niliwaza Furaha akipiga simu kumuuliza mama yake habari za samaki. Nikawarudisha wale watatu ziwani pamoja na mawe yao, nikabandua vioo, nikavikata upya. Safari hii Shangazi alikaa kwenye kiti akisema, nami nikafanya. Beta alikaa kwenye beseni wiki nzima, na kila siku nilikwenda kumwangalia kabla ya kwenda kuzamia. Sikumwambia mtu kwamba nilikuwa nikimwombea.

Mapezi yaliota tena. Furaha aliporudi likizo alisimama mbele ya tangi jipya, akamwona samaki wake anazunguka jani. Shangazi akamwambia, "Nyumba hii, kaka yako njo alijenga." Sifa za majirani wote wa Kalundu hazikufikia hizo.

Sasa wewe umenunua beta kwa jasho lako, na hilo linanifurahisha sana. Lakini lile tangi jembamba uliloniletea picha yake kwenye simu, liache dukani. Lako liwe fupi na pana, lisipungue lita ishirini. Maji ya robine yalale siku nzima kwenye ndoo kwanza, na ukiyabadilisha, punguza kiasi tu, usiyamwage yote. Yatulie, pampu isiyasukume. Weka kokoto laini, mimea, jani kavu la mgomba. Acha vidole vinne vya hewa juu, na kifuniko kiwe na matundu, maana beta huruka. Usimpe dume mwenzake, watauana. Na kabla ya yote hayo, muulize anayemjua samaki, hata kama weye ndiye fundi.

Shangazi alipokaribia kuondoka duniani alisema tangi lile fupi na pana nililomjengea upya nipewe mimi. Nimelisugua jana, liko tayari, njoo ulichukue. Mungu aibariki mikono yako, akupe macho ya kuangalia na ulimi wa kuuliza, na siku moja uniite nyumbani kwako, nije nimuone samaki wako akizunguka humo.