Kamera Isiyokuwa na Chaja

Nakumbuka, mwanangu, mchana mmoja nilipoketishwa kwenye kiti cha plastiki, wanaume sita wamenizunguka, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anacheka. Nimeanzia hapo makusudi. Jana uliniambia umepata kamera ya mtumba kwa mtu unayemfahamu kidogo, bei yake nzuri, na Jumamosi unakwenda kuichukua. Mimi nikaitikia tu, nikaomba niongezewe chai. Lakini usingizi haukuja. Basi nisikilize kabla ya Jumamosi, halafu ufanye utakavyo.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa na studio Kaloleni, pale Arusha mjini, chumba kimoja cha kupanga, mbele kaunta, nyuma pazia, na ukuta nilioupamba kwa maporomoko ya maji ambayo fundi aliyachora bila kuwahi kuyaona. Biashara ilikuwa imefunguliwa nchini, maduka yamejaa vitu ambavyo baba yangu alivisikia tu redioni. Mimi nilikuwa bado napiga picha za mkanda. Nikimaliza mkanda naupeleka kusafishwa, mteja anarudi baada ya siku tatu, na mara nyingine anakuta amefumba macho. Kisha zikaja kamera za dijitali. Jirani yangu ng'ambo ya barabara akapata moja, na watu wakawa wanajiona papo hapo kwenye kioo kidogo, wanacheka, wanapigwa tena. Wateja wangu wakaanza kuvuka barabara mmoja mmoja. Niliogopa, na sioni aibu kusema hivyo. Niliona kodi, niliona njaa, niliona nikirudi kwetu mlimani kulima kahawa na kila mtu akijua kwa nini nimerudi.

Kamera mpya zilikuwapo mjini, ndani ya kabati la kioo. Nilikwenda kuzitazama mara nyingi mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimekuja kununua au kusali. Zilikuwa mbali na mfuko wangu.

Siku moja mchana akaingia kijana mmoja studio, amefunga zipu ya koti mpaka shingoni na jua likiwaka. Akatoa kamera ya dijitali, nyeusi, nzuri, nzito mkononi. Akasema ameachiwa na mtalii kama zawadi. Arusha ya wakati ule kila kitu kizuri kilikuwa zawadi ya mtalii, kwa hiyo sikushangaa. Nikaikagua kama nilivyofundishwa kukagua kamera za mkanda. Nikaelekeza lenzi kwenye mwanga kutafuta kuvu na mikwaruzo, nikaisogeza sikioni, nikabofya na kusikiliza mlio, nikaitikisa kidogo kama ndani kuna kitu kimelegea. Haikuwa na kasoro. Nikamuuliza chaja iko wapi. Akasema ameisahau nyumbani, ataileta kesho. Wakati anasema hivyo alikuwa anatazama mlangoni. Niliona, mwanangu. Niliona kabisa, na bado nikafungua droo nikamlipa.

Kesho ikaja, chaja haikuja. Fundi wa simu wa pale jirani akaniungia ya kubahatisha kwa nyaya mbili na kipande cha gundi, na kamera ikaamka. Ndani mlikuwa na kadi, na kadi ilikuwa na picha. Za kwanza zilikuwa za mbugani, nyati, twiga, ndege wekundu wa maziwa ya Momela, wazungu wenye kofia wanachungulia juu ya gari. Nikasema moyoni, si unaona, ni ya mtalii kweli. Nikaendelea kubofya. Akatokea dereva wa kwetu anacheka nyuma ya usukani. Halafu bibi mmoja, picha nyingi za bibi huyo huyo: amempakata mtoto mchanga, anamnusa kichwa, anacheka bila meno ya mbele, amekaa nje ya jiko anamenya maharage na kumtazama mpiga picha kana kwamba anamwambia aache mchezo aje amsaidie. Hiyo ya maharage ilikuwa na alama ndogo ya ufunguo kwenye kona. Nikadhani ni mambo ya betri.

Hapo nikajua. Kamera ilikuwa ya mtu wa kwetu, na mtu wa kwetu hauzi picha za mama yake. Njia iliyonyooka ilikuwepo, nayo ilikuwa kwenda kumwambia mjomba wangu Anaeli, mzee wa kanisa kule juu ya Usa River, mtu aliyenilea baba alipofariki. Mimi nikafunga pazia. Nikatafuta mahali pa kufuta picha zote kwa pamoja. Kamera ikaniuliza kwa Kiingereza kama nina hakika, nikabofya kwamba ninayo. Ilipomaliza nikaizima haraka bila kutazama tena, kama mtu aliyefunika shimo.

Wiki mbili zilizofuata sikuwa na raha. Akipita askari nje, nainama kutafuta kitu chini ya kaunta. Akiingia mtu amevaa kaki, naisukuma kamera nyuma ya pazia. Na bado nilikuwa naitumia kamera, kwa sababu wateja walianza kurudi.

Kisha mjomba Anaeli akanitafutia kazi. Palikuwa na sherehe ya kipaimara kijijini kwake, na alikuwa amewatangazia watu kwamba mpwa wake ana kamera inayokuonyesha hapo hapo. Nikaenda. Nikampiga binti wa kipaimara na gauni lake jeupe, nikawapiga wazazi, nikawapiga wazee wa kanisa wamekaa wima kama wanangojea kuitwa majina. Kila picha walitaka kuiona. Akina mama wakapanga mstari, na mimi, kwa majivuno, nikaitoa kamera mkononi mwangu waishike wenyewe, nikaenda kuchukua bakuli langu la loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando.

Jirani mmoja wa wenye sherehe, Mama Upendo, ndiye aliyekuwa nayo. Alibofya upande usio wake, picha zikarudi nyuma badala ya kwenda mbele, mpaka ya kwanza kabisa kwenye kadi. Nikageuka na bakuli mkononi. Alikuwa amekaa chini, kwenye nyasi, na nguo zake nzuri.

"Huyu ni mama," akasema.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilimwona yule bibi na maharage yake, ananitazama. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba ule ufunguo kwenye kona ulikuwa wa kuizuia picha isifutwe. Saa ile nilichojua ni kwamba nimemfuta mtu na hakufutika, na bakuli likaniponyoka.

Mama Upendo aliwaeleza wanaume kwa sauti ndogo, nasi sote tukasikia. Mama yao walimzika mwaka uliotangulia. Kamera ilikuwa ya kaka yake, Elirehema, dereva wa watalii, ambaye wiki mbili nyuma alivamiwa akirudi nyumbani, akapigwa nondo ya kichwa, akanyang'anywa begi. Alikuwa bado kitandani. Sijui nani aliyenisukuma kwenye kile kiti. Wanaume wakakaribia. Nikasikia mtu nyuma yangu akiuliza kwa utaratibu kabisa kama nyumba hii ina mafuta ya taa, na wewe umekulia nchi hii, huhitaji kuelezwa ni ya kazi gani. Nikabaki natazama loshoro iliyomwagika kwenye viatu vyangu.

Mjomba Anaeli akaja na kiti chake. Akakiweka mbele yangu, akakaa, magoti yake yakagusa yangu.

"Hii umeitoa boma gani?"

"Sijui, mjomba."

"Aliyekuuzia anaishi wapi?"

"Sijui."

"Shahidi wako nani?"

Sikuwa naye. Lazima ujue jinsi tulivyokuwa tunanunua ng'ombe kwetu. Ukimpenda ng'ombe wa mtu, unafunga safari mpaka kwake, mchana, na mtu mzima wa kwenu. Unaonyeshwa alipokuwa amelala, unaonyeshwa mama yake kama yupo, unamuuliza mama wa nyumba anatoa maziwa kiasi gani, na majirani wanakuona ukiondoka naye. Mtu akikuuzia ng'ombe njiani unajua maana yake. Nilifundishwa hayo kabla sijajua kusoma. Ila sikufikiri kwamba yanahusu kitu chenye betri.

"Ungekuwa unanunua mbuzi ungeyauliza haya yote," mjomba akasema. Kisha akainuka, akawageukia wale wanaume. "Mpwa wangu ni mjinga, hilo nawapa. Kama ni mwizi pia, Elirehema yuko hai, atasema mwenyewe. Mpaka hapo, atakayemgusa aanze na mimi."

Akanishika mkono kama mtoto, tukashuka kwa miguu kwenye njia ya migomba kwenda kwa Elirehema, wale sita nyuma yetu. Mwanangu, sijawahi kuogopa vile, kabla wala baada. Roho yangu ilikuwa inategemea kumbukumbu ya mtu aliyepigwa kichwani. Je, kama ameshaisahau sura ya aliyempiga? Je, kama amechoka tu, na anataka awe mtu yeyote? Nilihesabu migomba ili miguu isisimame.

Elirehema alikuwa amelala, kitambaa kimezunguka kichwa, jicho moja limevimba. Nikamwamkia. Alinitazama kwa muda ambao sitaweza kukueleza urefu wake.

"Siye," akasema. "Yule alikuwa mfupi."

Nikalia mbele ya watu wote. Wale wanaume wakatoka nje mmoja mmoja. Nami nikadhani yamekwisha.

Elirehema akanyoosha mkono akapewa kamera. Akabofya, akatabasamu kidogo alipomwona mama yake. Akabofya tena, na tena, kwenda na kurudi. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, ndiye yule aliyekuwa amepakatwa kwenye picha.

"Nyingine ziko wapi? Mama na mtoto?"

Ningeweza kusema ni yule mwizi. Hakuna ambaye angejua. Mjomba alikuwa ananitazama.

"Nilizifuta mimi," nikasema. "Niliogopa."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Akaiweka kamera kifuani, akasema kwamba ile ya maharage aliifunga asije akaifuta kwa bahati mbaya, na zile nyingine alikuwa anangoja siku atakayopata nafasi azifunge zote.

Kesho yake mjomba alinipeleka kituoni nikaeleza sura ya yule kijana wa koti. Hakupatikana. Mimi niliazima kadi, nikaichapisha ile picha moja, kubwa, nikaitia fremu, nikaipeleka mwenyewe. Ipo ukutani kwao mpaka leo. Mtoto yule sasa ni mtu mzima, na anamjua bibi yake kwa maharage tu. Nimekwenda nyumba ile mara nyingi, wananipa chai, wananiita kaka. Kila nikikaa natafuta kiti kinachoupa mgongo ule ukuta.

Basi Jumamosi, mwanangu, usikutane na mtu huyo stendi wala kwenye kona ya duka. Nenda kwake, mchana, umwone mke wake au mama yake, na watu wa pale wakuone. Mwambie akutolee chaja, na boksi kama lipo. Lenzi utaitazama, sawa, lakini kwanza washa uone kilichomo ndani. Ukikuta sura za watu, muulize ni akina nani na umwache awataje kwa majina. Akitazama mlangoni, rudisha kamera, aga vizuri, ondoka, hata kama bei ni ya bure. Na mimi nitakwenda nawe. Goti linauma lakini litafika. Na kama siku moja utanunua kwa haraka na hofu ikakukamata baadaye, usifute chochote. Njoo hapa nyumbani na kitu hicho kilivyo, hata iwe saa ngapi, tutakwenda pamoja kwa mwenyewe.

Mungu aliyenitoa kwenye kiti kile akutangulie kila njia utakayopita na kamera begani. Akupe mkono unaoshika kilicho chako tu. Na kila uso utakaoupiga umfikie anayeupenda. Haya mwanangu, Jumamosi saa nne unikute nimeshavaa viatu.