Maneno ya Waulizaji

Nilikuwa sijawahi kumwona mkutubi wetu wa Mlowo amekaa. Huchapa akiwa amesimama, ameinama kama anayepalilia, kwa kidole kimoja, na lori likipita barabarani hufuta vumbi la kompyuta kwa ncha ya kitenge chake. Ukirudisha kitabu hakuulizi kama umekipenda. Anakuuliza, "Ulikuja ukitafuta nini?" Jibu lako analichapa vilevile ulivyolisema, chini ya jina la kitabu, hata kama umesema ovyo. Mimi niliona ni umbea tu.

Juzi fundi kutoka Mbeya alihamishia orodha yote kwenye programu ya bure, ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha, maana ya zamani ilikuwa imejifunga muda wake ulipoisha. Mkutubi alisimama nyuma yake kutwa, mikono kifuani. Majina ya vitabu yakaonekana. Maneno ya watu je? Kabla hajathubutu kutazama, akaingia Mzee Ezron wa Igamba na tawi la kahawa mkononi.

"Mama, matunda yanakuwa meusi yangali mabichi. Jina la ugonjwa silijui, na shamba linakwisha."

Mkutubi akachapa: kahawa nyeusi mbichi. Kompyuta ikajivuta, ikajivuta. Kisha ikaleta kijitabu cha chulebuni, ugonjwa wa kuozesha matunda ya kahawa, na chini yake maneno ya mama mmoja wa kijiji cha Ruanda aliyekiazima mwaka jana: kahawa yangu inaoza nyeusi ingali mbichi.

"Ndiyo hiyohiyo!" mzee akasema.

Mkutubi akashusha pumzi, akavuta kiti, akakaa.